Kidimbwi nyuma ya shamba na mpango wa wanyamapori wa Maine

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Bunyakiri, Kivu Kusini, na sasa naishi Lewiston, jimbo la Maine. Nalima mboga nje ya mji na akina mama wenzangu kwenye ardhi ya kukodi, na wanangu wawili wakubwa wanapenda sana kuvua samaki. Majuzi mwenye shamba alituambia kwamba jimbo lina mpango wa kuhifadhi wanyama na makazi yao, kwamba mpango huo unahuishwa, na kwamba kidimbwi kilicho nyuma ya shamba letu, kinachojaa kelele za vyura kila mwezi wa nne, huenda kikawa na umuhimu. Nilishtuka. Kwetu nimekua nikisikia habari za Kahuzi-Biega: hifadhi iliingia, watu wakatoka. Naomba unieleze: mpango huu unaweza kututoa shambani? Watoto watakatazwa kuvua? Na wanaposema wananchi watoe maoni, mtu kama mimi, Kiingereza cha kuungaunga na uraia bado, nina maoni gani ya kutoa kuhusu vyura wa Wamarekani?

JIBU: Marahaba, Mama. Wasalimie watoto.

Nianze na linalokunyima usingizi. Mpango huu hauwezi kukutoa shambani, na hauwakatazi watoto kuvua. Si sheria. Hauanzishi hifadhi mpya, haugusi hati ya ardhi ya mtu, haupangi msimu wa kuvua wala wa kuwinda. Mambo hayo yana sheria zake, na zilikuwepo kabla mpango haujaandikwa. Pana sehemu moja tu ambapo sheria ya jimbo inaweza kulisogelea shamba lenu, nayo ni hicho kidimbwi. Nitakifikia, na nikifika nitakaa, maana ndipo penye mengi.

Lakini Kahuzi-Biega siwezi kuipita mbio. Hofu yako ina mizizi. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kwenye misitu ya nyanda za chini, na Batwa waliokuwa wakiishi msituni tangu enzi za mababu wakaondolewa bila kupewa pa kwenda. Mimi nilisomea kazi hii ya uhifadhi Tanzania, na katika miaka yangu ya mwanzo nilishika ncha ya kamba ya kupimia siku mpaka wa eneo moja lililohifadhiwa ulipopitishwa katikati ya malisho ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Mzee mmoja alisimama kando, fimbo begani, akatutazama mchana kutwa bila kutamka neno. Hadi leo namkumbuka. Kwa hiyo ukiniuliza kama uhifadhi utakutoa, nakupima jibu kabla ya kukupa. Huu mpango wa Maine ni chombo cha namna nyingine. Kazi yake ni mbili: kujua nani yupo na hali yake ikoje, kisha kuonyesha fedha ziende wapi.

Habari ya fedha ndiyo inayoueleza. Kwa miongo mingi hapa Marekani, aliyelipia uhifadhi ni mwindaji na mvuvi. Tangu mwaka 1937 kuna kodi ya serikali kuu kwenye bunduki na risasi inayorudi majimboni kwa ajili ya wanyama, na tangu 1950 kuna nyingine kama hiyo kwenye ndoano, mishipi na vifaa vya uvuvi. Zimefanya kazi kubwa, siwezi kuzibeza. Kulungu na bata mzinga wa porini walirudi kwa fedha hizo. Ila fikiria upande wa pili. Popo hana mwindaji. Salamanda, ndugu wa chura mwenye umbo la mjusi, hana leseni inayouzwa. Nyuki wa porini, kobe wa kwenye vinamasi, kipepeo: hao hawakuwa na mtu wa kuwalipia, na mnyama asiye na wa kumlipia kwa kawaida hana wa kumhesabu. Aliweza kupungua hadi akaisha, na ofisini faili lake lisiwepo hata la kufunga.

Mwaka 2000 Kongresi ilianzisha ruzuku kwa majimbo kwa ajili ya viumbe hao. Ikaweka sharti: kila jimbo linalotaka fedha liandike mpango wa wanyamapori wake wote na makazi yao, liuwasilishe kabla ya tarehe 1 Oktoba 2005, kisha liupitie upya angalau kila miaka kumi. Majimbo yote 50 yaliandika, pamoja na mji mkuu wa Washington na visiwa vilivyo chini ya Marekani. Jumla mipango 56. Maine ilihuisha wake mwaka 2015, na zamu iliyofuata iliangukia 2025. Ndiyo maana mwenye shamba wenu amesikia habari hizi. Hakuna janga lililotokea hapo kwenu. Ni kalenda tu iliyofika.

Kila mpango lazima ujibu mambo manane, na sitakuchosha kwa kuyapanga moja moja. Kwa kifupi, jimbo lieleze ni viumbe gani wana shida na wanapatikana wapi, makazi yao yana hali gani, nini kinawadhuru, nini kifanyike, tutajuaje kama kimefanya kazi, na lini tutakaa tena kuutazama mpango. Mawili ya mwisho ndiyo yanayokuhusu wewe moja kwa moja: jimbo lishirikiane na taasisi nyingine na mataifa ya wenyeji wa asili wa nchi hii, na liwashirikishe wananchi. Halikuambiwa liwashirikishe wenye uraia, wala wenye ardhi, wala wenye Kiingereza kilichonyooka. Mtu yeyote anaweza kutoa maoni, na hakuna anayeulizwa pasipoti.

Moyo wa mpango ni orodha. Inaitwa orodha ya spishi zenye uhitaji mkubwa zaidi wa kuhifadhiwa. Mpango wa Maine wa 2005 ulikuwa na spishi 213. Ule wa 2015 ulikuwa na 378. Watu wengi wakisoma namba hizo hudhani kwamba ndani ya miaka kumi viumbe 165 waliharibikiwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuja kwa sababu taa ilimulika mbali zaidi: viumbe wa baharini waliangaliwa kwa makini zaidi kuliko mwanzo, na wale wadogo wasio na uti wa mgongo vilevile. Kuingia kwenye orodha maana yake mara nyingi ni kwamba hatimaye kuna mtu amekutazama. Baada ya hapo ofisa akiomba ruzuku kwa ajili yako anasikilizwa. Serikali kuu hutoa dola 65 katika kila 100 za utekelezaji, na jimbo linatakiwa kutafuta 35 zilizobaki.

Sasa kwa nini kuhuisha? Kwa nini mpango mzuri usiachwe ulivyo? Nikupe mfano wa popo, kwa sababu ndio ulionifundisha mimi.

Mpango wa kwanza ulipokabidhiwa mwaka 2005, popo mdogo wa kahawia alikuwa mnyama wa kawaida kabisa Maine. Alikaa kwenye dari za maghala, watu wakimfukuza kwa ufagio. Majira ya baridi yaliyofuata, mwanzoni mwa 2006, mpiga picha mmoja aliingia kwenye pango katika jimbo la New York akapiga picha za popo waliolala, na puani mwao mlikuwa na ukungu mweupe kama waliochovya uso kwenye unga. Ni kuvu. Huota kwenye ngozi ya popo wakati amelala usingizi wa majira ya baridi, humwamsha tena na tena, na kila akiamka anachoma mafuta aliyojiwekea ya kumfikisha kwenye joto. Anaisha mafuta mwezi wa pili, wadudu hawapo, anaruka nje kwenye theluji anakufa. Hapa Maine ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 2011. Mwaka 2015 jimbo lilimtangaza popo yule yule wa darini kuwa yuko hatarini kutoweka. Miaka kumi tu, kutoka ufagio hadi hapo. Hakuna mtu aliyeketi mwaka 2005, hata angekuwa na akili kiasi gani, ambaye angeliandika hilo.

Bahari nayo haikungoja. Ghuba ya Maine ni miongoni mwa sehemu za bahari duniani zilizopata joto kwa kasi kubwa. Kuna ndege wa visiwani hapa anaitwa pafini, mdomo wake una rangi kama umepakwa kwa brashi. Alikuwa amekaribia kuisha kwenye visiwa vya jimbo hili. Mwaka 1973 mtaalamu wa ndege Stephen Kress na wenzake walianza kuleta vifaranga kutoka Newfoundland, Kanada, wakawalea kwa mkono kwenye kisiwa cha Eastern Egg Rock, na mwaka 1981 ndege waliokua wakarudi kutaga. Halafu likaja joto la 2012. Samaki wembamba ambao vifaranga hulishwa wakapungua, wazazi wakaleta samaki wa maji ya joto aliye mpana kama kiganja, kifaranga akashindwa kummeza. Walikufa njaa na samaki wamelundikana pembeni yao. Mpango uliowapangia pafini ulinzi dhidi ya shakwe na wawindaji ulikuwa sahihi kwa wakati wake. Adui alibadilika, na mpango lazima umfuate.

Kuhuisha, basi, ni kukaa na kila jina na kuuliza: tunajua nini leo ambacho hatukukijua? Wataalamu wa ndege, wa samaki, wa wadudu, wa mimea wanaletewa kumbukumbu zote zilizopo, mahali na tarehe, na wanabishana. Huyu apande daraja la kwanza la uhitaji au abaki la tatu? Huyu amepona, atoke? Nimekaa kwenye mabishano ya aina hiyo. Kitu kinachochosha zaidi ni ukimya. Unafungua ramani ya kiumbe fulani, kusini mwa jimbo kuna nukta chache, katikati kweupe, halafu mtu anasema, "Huko hayupo." Mwingine anauliza, "Hayupo, au hakuna aliyekwenda kutazama?" Chumba kinanyamaza. Sehemu kubwa ya ardhi ya Maine ni msitu, na msitu mwingi ni mali ya watu binafsi. Idara ya Uvuvi wa Bara na Wanyamapori haina wafanyakazi wa kufika kila uani. Ndiyo maana wamekuwa wakitegemea watu wa kawaida: kwa ramani ya ndege wanaozaliana, kazi ya miaka mitano kuanzia 2018 hadi 2022, watu wa kujitolea walizunguka jimbo zima wakiandika walichokiona. Kwa vyura, kobe, vipepeo na nyuki kuna kazi kama hizo. Nukta moja kwenye ramani hutoka kwa mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja siku moja akaandika.

Sasa kidimbwi chako.

Kwanza nikuulize: kelele hizo zikoje? Kama ni mluzi mwembamba, maelfu ya filimbi ndogo zikipulizwa pamoja hadi masikio yanawasha, hao ni vyura wadogo sana, kila mmoja anaenea juu ya kucha ya kidole gumba. Kama ni sauti nzito ya kukwaruza, ukasema bata wamevamia maji na ukienda huoni bata, huyo ni chura wa msituni, na huyo ndiye ninayemtaka. Ana kipande cheusi usoni kama kitambaa cha kufunika macho. Majira ya baridi halali chini ya maji; anajifukia chini ya majani makavu na kuganda. Zaidi ya nusu ya maji ya mwilini mwake yanakuwa barafu, moyo unasimama, na theluji ikiyeyuka anayeyuka naye, anatingisha miguu, anaelekea bwawani kutafuta mwenzi. Kila nikimweleza mtu wa nyumbani haniamini hadi amwone.

Vidimbwi kama chenu hujaa maji ya theluji na mvua za mwezi wa tatu na wa nne, na vingi hukauka kiangazi kikiingia. Kukauka huko ndiko kunakovifanya viwe na thamani: samaki hawezi kuishi humo, kwa hiyo mayai yanasalimika. Chura wa msituni na salamanda mwenye madoa ya njano wanategemea maji ya namna hiyo. Kobe wa Blanding, ambaye Maine imemworodhesha kuwa hatarini kutoweka, huzunguka kusini mwa jimbo kutoka kidimbwi hadi kidimbwi akitafuta chakula, akivuka barabara. Kobe huyo huchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, kwa hiyo jike mmoja akikanyagwa na gari hasara yake ni ya vizazi.

Usiku wa kwanza wa mvua yenye joto kidogo, mara nyingi mwezi wa nne, salamanda hutoka msituni wote kwa pamoja. Mwaka wangu wa pili hapa mwenzangu wa kazi alinipigia simu saa tatu usiku: "Njoo, wanatembea." Tulisimama kwenye barabara ya kijijini, koti la mvua, taa ya kichwani, vizibao vya kung'aa ili magari yatuone. Niliinama nikamwona wa kwanza, mweusi wa kung'aa, urefu wa kiganja, madoa ya njano mgongoni kama aliyedondoshewa rangi, akivuta mguu mmoja baada ya mwingine kwenye lami bila haraka yoyote. Mwenzangu alinikumbusha nilowanishe mikono kwa maji ya mvua na nisiwe nimejipaka losheni, maana ngozi yao inanywa kila kitu. Nilimbeba hadi upande wa pili. Alikuwa baridi na mzito kuliko nilivyotarajia, na moyo wake, au wangu, ulikuwa ukidunda kiganjani. Tukavusha hadi usiku wa manane. Kando ya barabara walikuwepo waliotangulia ambao hatukuwahi kuwavusha.

Sheria sasa. Maine ina sheria ya jimbo, iliyoanza kutumika mwaka 2007, inayolinda vidimbwi muhimu vya namna hii. Kidimbwi huwa "muhimu" kwa hesabu: kiwe na mafungu 40 au zaidi ya mayai ya chura wa msituni, au 20 ya salamanda mwenye madoa ya njano, au 10 ya salamanda mwenye madoa ya buluu, au kamba wadogo wa maji baridi hata mmoja. Pia kinaweza kuwa muhimu kwa kutumiwa na kiumbe aliye hatarini, kama kobe niliyemtaja. Na kiwe cha asili. Shimo lililochimbwa na trekta halihesabiwi. Kikifikia kiwango, sheria inakiangalia pamoja na ardhi inayokizunguka kwa futi 250, kama mita 76, kwa sababu wakazi wake huishi sehemu kubwa ya mwaka msituni, maji ni chumba cha uzazi tu.

Je, hiyo inawatoa shambani? Hapana. Sheria inalenga mambo kama kujaza kidimbwi kifusi, kufyeka msitu unaokizunguka au kujenga karibu nacho. Hayo yanahitaji kibali. Kipande ambacho tayari kinalimwa ni habari nyingine. Ila mkiwa na mawazo ya kupanua shamba kuelekea kidimbwi, mwenye ardhi aulize kwanza Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya jimbo. Ni ardhi yake, na neno la kuuliza ni lake. Na hata kuhesabu mayai kunahitaji ruhusa yake. Msiingie kimyakimya kwa nia njema mkamkosea jirani.

Akikubali, nendeni mwishoni mwa mwezi wa nne mchana wenye jua, wewe na watoto. Fungu la mayai ya chura wa msituni utalitambua mara moja: linafanana kabisa na marakuja iliyopasuliwa, kila mbegu nyeusi ndani ya ute wake mwangavu, nje lina manundumanundu. La salamanda limefunikwa na tabaka moja la ute mgumu, laini kwa nje, wakati mwingine jeupe kama maziwa, wakati mwingine la kijani kwa sababu ya mwani unaoishi humo pamoja na mayai. Msiyatoe majini. Hesabuni kwa macho, mmoja anahesabu, mwingine anaandika, kisha mbadilishane na mlinganishe. Pigeni picha ya kidimbwi na ya mafungu. Tarehe, mahali, idadi.

Na hili waambie wanao kwa msisitizo: wasimwage samaki kwenye kidimbwi hicho, hata mmoja, hata kwa huruma. Najua watoto wavuvi. Humwonea huruma samaki mdogo wakataka kumpa nyumba. Samaki akibaki humo msimu mmoja mayai yote yamekwisha, na kuhamisha samaki hai bila kibali ni kosa kisheria hapa.

Kuhusu uvuvi wao kwa jumla, wavue. Akifika miaka 16 mtoto anahitaji leseni. Wasitumie vizito vidogo vya madini ya risasi. Sheria imevikataza, kwa sababu luni, yule ndege mkubwa wa maziwani anayelia usiku kama mtu anayeita, huvimeza akafa, na kwa miaka mingi sumu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya luni waliokomaa. Na kabla ya kuwapikia samaki wa mto Androscoggin au wa ziwa lolote, tazama ushauri wa afya wa jimbo kuhusu zebaki na kemikali nyingine. Una viwango vikali zaidi kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 8.

Nimebakiza swali lako la mwisho, na limeniuma, Mama. "Vyura wa Wamarekani."

Mto unaopita mjini kwenu ulikuwa umechafuliwa na viwanda vya karatasi kiasi kwamba rangi za nyumba zilizokuwa karibu zilibabuka kwa hewa yake. Seneta Edmund Muskie, aliyezaliwa Rumford juu ya mto huo huo, ndiye aliyesukuma sheria ya maji safi ya mwaka 1972. Kwenye mto Kennebec, bwawa la Edwards lilifunga njia ya samaki tangu 1837 hadi lilipobomolewa mwaka 1999. Leo samaki wa jamii ya dagaa wakubwa wanapanda kwa mamilioni kutoka baharini kuja kutaga kwenye tawi la mto huo. Kwenye Penobscot mabwawa mawili yalibomolewa, 2012 na 2013, na taifa la Penobscot, wenyeji wenye mto kwa jina na kwa historia, walikuwa mezani tangu mazungumzo ya mwanzo. Hao hawakuambiwa kwamba ni samaki wa Wamarekani. Walikuja na walichokijua: samaki alifika wapi, mwezi gani, kwa wingi gani, katika kumbukumbu za babu zao.

Wewe ni mkulima. Unaamka mapema, unatazama udongo, unajua mwezi ambao vyura wanaanza. Umeniandikia "kila mwezi wa nne." Mtu anayejua hilo amekuwa akitazama kwa miaka. Kuna maofisa wenye shahada tatu wasiojua vyura walianza lini nyuma ya nyumba zao. Ukiwapa mistari mitano yenye tarehe, umewapa kitu ambacho fedha zao haziwezi kununua, kwa sababu mwaka uliopita hauuzwi.

Nisikufiche udhaifu. Mpango una vitendo vingi na fedha chache. Mwaka 2022 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada ambao ungeyapa majimbo zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka kwa kazi hii, Seneti haikuupitisha. Maine inajikongoja kwa njia zake: tangu 1984 mlipakodi anaweza kuchangia wanyama wasiowindwa kwenye fomu ya kodi ya mapato, na tangu 1994 kuna namba za gari zenye picha ya luni ambazo sehemu ya ada yake huenda huko. Na kwa maoni yangu, sharti la kuwashirikisha wananchi ndilo linalotekelezwa kwa unyonge zaidi, katika majimbo mengi. Mkutano unaitishwa saa nane mchana siku ya kazi, kwa Kiingereza, halafu inaandikwa kwamba watu walialikwa. Mkulima yuko shambani saa nane. Sema hivyo. Ni maoni halali kabisa kuhusu mpango, na nitafurahi sana yakiandikwa kwenye kumbukumbu kwa sauti ya mtu wa Lewiston.

Omba mkalimani mapema, wiki mbili kabla. Kuomba si kosa. Dirisha la maoni likiwa limefungwa, usivunjike moyo: kumbukumbu za vyura na kobe hupokelewa mwaka mzima na idara, na ndizo zitakazofunguliwa mezani mara nyingine. Ukishindwa kuandika Kiingereza, mwanao akuandikie: tarehe, jina la barabara, idadi, picha. Rekodi sauti ya vyura kwa simu usiku mmoja, dakika moja inatosha, shika simu mbali na upepo. Sauti haina lafudhi.

Na kama mtakwenda na msikute fungu hata moja, andikeni tarehe na sifuri. Sifuri ya mtu aliyekwenda kutazama tunaihitaji pia.